Bila Kusukumwa

Ruangwa, 3 Machi 2025

Kwa mtani wangu Ildefonsi, Mmakonde mla panya wa Nachingwea,

Nakusalimu kabla sijaanza kukutukana. Mguu unaendeleaje? Rashidy, kondakta wa basi la Kosta, ameniambia bodaboda ilikubwaga Naipingo na sasa unatembelea magongo. Pole sana. Wangeniambia umeanguka ukikimbiza kitoweo ningeamini upesi zaidi. Nilikupigia simu, nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ua, na wewe ukawa unajibu tu, "Eeh, asante, na wewe pia." Najua masikio yako yaliliwa na injini za watu, kwa hiyo naandika. Barua zitakuja na Rashidy, nawe mpe majibu gari likigeuza.

Nataka ufunguo wa lori.

Usijifanye huujui. Siku tulipomzika Evodius wangu, watu wote wanalia, wewe ulivaa kofia yake, ukashika sinia ukalifanya usukani, ukaendesha mpaka kaburini huku unampigia padri honi akae pembeni. Halafu ukachukua ufunguo wa Bedfodi, ukasema mtani haondoki msibani mikono mitupu, na usipokombolewa haurudi. Kofia tuliikomboa. Ufunguo tukausahau, maana lori lenyewe lilikuwa limetangulia kufa kabla ya dereva. Sasa ni miaka minane. Jogoo aliye kwenye kikapu hiki ndiye ukombozi wake.

Sababu ni Benedikto, mwanangu. Alikuja Krismasi. Unamjua, ana huruma, lakini huruma yake ina haraka. Anataka nihamie kwake Morogoro. Anasema nimestaafu upishi wa shule, nimebaki peke yangu na mzoga wa lori uani, siku moja atatoka nyoka humo aniue. Ameshaongea na watu wa chuma chakavu waje wamkatekate baba yake. Nimesema baba yake, maana ndivyo ninavyoliona mimi. Nikamwambia siendi kukaa pembeni ya chumba cha wajukuu kama sanduku la nguo. Kikundi chetu cha akina mama kila msimu kinahangaika na magari ya kukodi kubeba ufuta na mbaazi. Hili likifufuka, nina kazi na nina sababu ya kubaki kwangu. Tulibishana mpaka uji ukapoa. Mwisho akasema: "Haya Mama. Likiwaka kwa ufunguo, bila kusukumwa, kaa. Lisipowaka, mwisho wa Juni nakuja na wakataji, na wewe tunaondoka wote."

Bila kusukumwa. Anajua anachosema. Yeye ndiye aliyelisukuma kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba.

Fundi wa dizeli wa hapa amesafisha tangi na pampu, anasema injini ni nzima. Kilichobaki ni kuliwasha, na umeme wa lori hili anaujua mtu mmoja tu duniani, naye ni kiwete.

Mimi mtani wako,
Domitila, Mama Benedikto


Nachingwea, 6 Machi 2025

Kwa mke wangu wa Ruangwa, ambaye bado sijamwoa kwa sababu hajui kupika,

Jogoo amefika. Amenizidi umri. Nimemchemsha tangu asubuhi na bado ananibishia. Lakini sheria ni sheria, umekomboa. Ufunguo huu hapa, nimeufunga kwenye kitambaa. Kila mwaka nilikuwa naupaka grisi usishike kutu. Usiniulize kwa nini.

Hayo ya Morogoro yamenishtua, Mama Bene. Sikuyajua.

Evodius alikuwa rafiki yangu lakini alikuwa mvivu wa jambo moja. Staata ilipokufa alisema, ya nini kuitengeneza na Mungu katupa mlima? Huko kwenu aliegesha mtelemkoni, akaachia breki, likawaka likishuka. Mlima ukiwa na matope, mtoto akasukuma. Akija huku Nachingwea, kwenye tambarare, hakuzima injini hata akiingia kula. Nilimwambia, ndugu yangu, ipo siku utaishiwa mlima. Alicheka.

Sasa sikiliza. Toa kwanza nyaya za betri. Kisha angalia chini ya injini upande wa kulia, utaona chuma cha mviringo, kinene kama ndoo ndogo, kimefungwa kwa bolti tatu. Ndiyo staata. Hiyo ndiyo inayoishika injini mkono na kuiambia amka. Mwite jirani yako Shaibu, yule mchomeleaji, aifungue yeye, maana ni nzito na wewe umenenepa kwa maneno tu. Nitumie na Rashidy. Daktari hataki nipande gari mpaka atoe vyuma mguuni, lakini mikono yangu haijavunjika.

Na jambo moja nakusihi. Usilipake rangi kabla halijawaka. Ninyi Wamwera nawajua, mnampamba bibi harusi kabla posa haijaletwa. Rangi ni ya mwisho.

Mume wako,
Ildefonsi


Ruangwa, 25 Machi 2025

Kwa mume wa kuazima,

Staata hiyo hapo ndani ya gunia. Shaibu amelala kwenye matope chini ya lori siku nzima, bolti ya tatu ikamkatalia, akaipaka mafuta ya taa, akaitukana kwa Kiyao, akaipiga, ikakubali. Alipotoka hakuna aliyemtambua, hata mkewe. Rashidy amelalamika kuwa gunia lina uzito wa mtoto wa ng'ombe. Nimempa korosho za kukaanga, na zilizobaki ni zako, ili uone kama sijui kupika.

Juzi mvua ilipokatika nilipanda kwenye kabini nikaweka ufunguo, nikageuza. Nilijua hakuna betri wala staata. Nilitaka tu mkono wangu ukumbuke. Panya alitoka kwenye kiti cha utingo akanitazama, nikamwambia asiende Nachingwea, kuna Mmakonde.

Ildefonsi, niambie kweli. Itapona? Mimi Morogoro sitakufa, najua, watoto watanipenda na chakula kipo. Lakini nitakuwa mgeni mpaka siku ya mwisho, nikiulizwa kila asubuhi kama nimelala vizuri. Naogopa kuulizwa hivyo.

Domitila


Nachingwea, 14 Aprili 2025

Kwa mke wangu,

Nimeifungua. Ndani nimekuta kiota cha panya, na watoto wake. Kumbe miaka yote hamkuwa mnafuga lori, mlikuwa mnafuga mboga. Mnatucheka bure.

Ugonjwa wake ni huu. Kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye kitu kinachozunguka, vimelika mpaka chuma kinasugua chuma. Bushi, ile pete inayoshika mhimili wake, imelegea. Solenoidi, ile inayofunga umeme mkubwa ukigeuza ufunguo, ilikuwa imeganda kwa kutu. Kaboni nimechonga za lori jingine zikakaa. Bushi nimechongesha kwa fundi wa mashine. Solenoidi nimeiogesha petroli, nimeisugua, sasa inaruka. Nikaifunga staata yote kwenye jiliwa la meza, nikaunganisha betri. Mimi siku hizi sisikii, Domitila, nasikia kwa kiganja. Nikaweka kiganja juu yake. Ikajitupa, ikazunguka kwa nguvu, nikacheka peke yangu mpaka mama muuza maandazi akachungulia kuona kama nimepata wazimu. Kwa hiyo swali lako nakujibu, imepona. Inakuja Ruangwa mara tu barabara ikikauka.

Sasa nina neno. Nimelifikiri tangu barua yako ya kwanza. Hata lisipowaka, usiende Morogoro. Njoo huku, au nije huko, mimi sichagui. Nikuoe, kanisani, watu waone. Mke wangu Laurencia amelala kaburini muda mrefu sasa, na Evodius amelala. Tumebaki sisi, na kila mmoja anakula peke yake. Fikiri unijibu.

Mume wako,
Ildefonsi


Ruangwa, 22 Aprili 2025

Kwa bwana harusi mwenye magongo,

Nimecheka mpaka nikakaa chini! Nimemsomea Shaibu, naye akaangusha nyundo. Nimewasomea akina mama wa kikundi, wanasema tangu waijue Ruangwa hawajaona Mmakonde anayetania kwa barua iliyonyooka hivyo, hata padri angeamini.

Haya, posa nimeipokea. Masharti yangu ni haya. Mahari ni panya wakavu, wale wa mwezi wa sita walionona, wamechomekwa vijitini vizuri, mizigo miwili, mmoja wa kaka yangu wa Ruponda na mwingine wa shangazi zangu ambao hawana meno, kwa hiyo uwatwangie. Pili, siku ya harusi ucheze ngoma yenu ya sindimba mbele ya watu wote, na magongo yako. Ukianguka, harusi imevunjika na panya haturudishi.

Asante kwa staata, mtani. Umenipa nguvu. Jana usiku nililala bila kuota Morogoro.

Mke wako wa mahari ya panya,
Domitila


Nachingwea, 5 Mei 2025

Kwa Bi Domitila,

Nimepokea barua. Nimefurahi kwamba mmecheka. Ilikuwa utani.

Staata ninaituma. Betri ziwe mbili, zifungwe kwa mfuatano, chanya ya moja na hasi ya nyingine. Waya mnene mwekundu uende kwenye solenoidi. Waya mnene mweusi, ambao ni wa ethi, utoke kwenye betri ufungwe kwa bolti kwenye chesisi, yaani kwenye mbavu za lori. Waya mwembamba ni wa ufunguo. Bolti zikazwe sawasawa. Akikosea Shaibu, asigeuze ufunguo, aniandikie.

Mguu unaendelea vizuri.

Ildefonsi Fundi


Ruangwa, 9 Juni 2025

Kwa mtani wangu Ildefonsi,

Sijui nimekukosea nini. Katika barua yako nilitafuta tusi hata moja, sikuona. "Kwa Bi Domitila." Nilidhani umeandika kwa ajili ya mtu mwingine na Rashidy kachanganya. Kama una maumivu ya mguu, sema. Kama nimesema vibaya juu ya magongo, nisamehe, nilikuwa natania kama tunavyotaniana siku zote.

Lakini leo siandiki kwa ajili hiyo. Haliwaki.

Betri tulikopeshwa mbili nzima na ndugu wa mashine ya kukoboa. Tulisubiri siku zote hizo ili tuzipate. Shaibu alifunga kila kitu kama ulivyosema. Tukaita watu wa kikundi. Nikapanda, nikageuza ufunguo, staata ikasema "tak." Basi. Nikageuza tena, "tak." Mpaka jioni ilikuwa "tak" tu. Akina mama waliondoka mmojammoja bila kuniaga, kama watu wanaotoka msibani. Shaibu akasema walau tujaribu kulisukuma mtelemkoni. Nikamkatalia. Ahadi ni ahadi.

Benedikto amepiga simu. Amepata likizo, anakuja kabla ya mwisho wa mwezi, na mwenye kukata chuma anapanda naye gari moja. Nilikuficha, nimeshaanza kufunga vyombo. Sufuria kubwa za shuleni nimezigawa. Nilipogawa mwiko wangu mkubwa nililia, mbele ya watu, kwa ajili ya mwiko.

Nisaidie, mtani. Hata kama umekasirika, kasirika baadaye.

Domitila


Nachingwea, 11 Juni 2025

Domitila,

Usigawe kitu kingine. Rudisha mwiko.

Sina hasira na wewe. Tuliache hilo.

"Tak" ni habari njema. Maana yake solenoidi inasikia ufunguo. Umeme mdogo unafika, mkubwa unakwama njiani. Staata niliiacha nzima, niliishika kwa mikono yangu. Kwa hiyo kizuizi kipo kati ya betri na staata. Fanya hivi. Washa taa kubwa za mbele. Shaibu asimame mbele azitazame, wewe geuza ufunguo. Niambie taa zinafifia kidogo au zinazimika kabisa.

La pili, na hili ufanye wewe mwenyewe, kwa sababu mikono yako imezoea sufuria. Geuza ufunguo mara kadhaa, kisha shuka upesi, ondoa ufunguo, upitishe kiganja kwenye kila mahali waya unapofungwa. Kichwa cha betri hiki na kile, solenoidi, bolti ya chesisi. Mahali umeme unapobanwa pana joto. Mimi ningekuwepo ningefanya hivyo hivyo. Niandikie leo leo, Rashidy nimemwambia asiondoke Ruangwa bila barua yako hata abiria wakimpiga.

Ildefonsi


Ruangwa, 12 Juni 2025

Ildefonsi,

Rashidy ananipigia honi, naandika nimesimama.

Taa zinang'aa vizuri. Nikigeuza ufunguo zinazimika kabisa, nikiachia zinarudi. Nimepitisha kiganja. Betri ni za baridi. Solenoidi ni ya vuguvugu kidogo. Bolti ya ethi kwenye chesisi imeniunguza kama mpini wa kikaango, nina lengelenge.

Sasa nina la kukuambia, na unikemee ukishalisoma. Nililipaka rangi. Mwezi wa tano mwanzoni, kabla staata haijafika. Uliniambia nisipake, nikakuficha. Niliogopa Benedikto akifika aone kutu atakata tamaa kabla hajagusa ufunguo. Nilitaka akute lori la baba yake kama alivyoliona akiwa mdogo, bluu kwa juu na chesisi nyeusi. Shaibu alipiga brashi kila pembe, mara mbili, mpaka kwenye matundu ya bolti. Ni rangi nzuri sana, Ildefonsi. Inang'aa.

Ndiyo yenyewe, sivyo?

Domitila


Nachingwea, 12 Juni 2025

Domitila,

Ndiyo yenyewe. Rashidy ananingoja mlangoni, amechukia.

Waya mweusi ndio njia ya umeme kurudi nyumbani. Umeme unatoka betri, unapita staata, unarudi kwa kupitia chuma cha chesisi. Rangi haipitishi. Wewe umeufungia mlango ukaupamba. Unapita kidogo kwenye nyuzi za bolti, unatosha taa, unatosha "tak", staata hautoshi. Ndiyo maana ile bolti inaungua.

Fungua bolti. Chukua tupa na msasa. Kwaruza rangi yote mahali waya unapolala, pana kama kifuniko cha birika la chai, mpaka uone chuma cheupe. Usione huruma na rangi yako. Fanya hivyo hivyo mahali staata inapokaa kwenye injini, kama Shaibu alipaka hapo pia, na namjua, amepaka. Funga, kaza, halafu juu yake paka grisi.

Sikukemei. Ningekuwa mimi na mwanangu anakuja, ningepaka.

Usigeuze ufunguo mpaka Benedikto awepo. Najua utaona shida kungoja. Ngoja. Mwache ageuze mwenyewe.

Ildefonsi


Ruangwa, 29 Juni 2025

Ildefonsi,

Umeniadhibu kwa kungoja, lakini ulikuwa na akili.

Benedikto alifika na yule bwana wa kukata chuma, mtu mpole, Ashraf jina lake, amebeba mitungi yake ya gesi. Walipoona rangi wakatazamana. Nilimpa Benedikto ufunguo. Akauliza, "Mmelijaribu?" Nikasema, "Tangu tulipokwaruza rangi, hatujalijaribu." Akasema, "Mama, lipo mahali pa tambarare kabisa." Nikasema ndiyo, Shaibu na vijana wa mashine walilivuta kwa trekta mpaka katikati ya uwanja, ili asije mtu akasema mtelemko.

Akapanda. Alikaa muda, hageuzi. Nadhani na yeye aliogopa, ila sijui aliogopa liwake au lisiwake. Kisha akageuza.

Lilijitupa mara moja, likazunguka zito, likakohoa moshi mweusi ukamfunika Ashraf na mitungi yake, likakamata. Ildefonsi, lilinguruma! Vioo vya madirisha yangu vililia. Akina mama wakapiga vigelegele. Shaibu akarusha kofia ikaingia kwenye choo cha shimo, hakuijali. Mimi nilikuwa namtazama Benedikto. Aliweka paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika. Nilipanda nikakaa kiti cha utingo. Akaniambia, "Mama, maisha yangu yote sijawahi kuliona likiwaka huku nimekaa." Nikamshika mgongo. Tukakaa hivyo, injini inatutikisa wote wawili, mpaka dizeli ikakaribia kuisha.

Ashraf amekula wali na kuku, akaondoka na mitungi yake, akasema hajawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kazi. Mimi nabaki Ruangwa. Mwiko nimeudai, umerudi.

Sasa sikia lililonikosesha usingizi baada ya furaha yote hiyo. Lori limewaka, na mimi sina tena sababu ya kukuandikia. Nilikaa kitandani nikagundua kwamba hilo linanisumbua kuliko Morogoro ilivyonisumbua. Nikazitoa barua zako. Ile ya Aprili, niliyowasomea watu, nikaisoma peke yangu bila sauti. Safari hii sikucheka. Nikaisoma na ya Mei, ile ya "Kwa Bi Domitila", nikaona aibu mpaka nikazima taa.

Watani tuna balaa hili, mtu anaweza kusema kweli yote mchana kweupe na hakuna wa kumwamini. Kwa hiyo nakuuliza kama ulivyoniagiza mimi na ile tupa. Kwaruza rangi. Kama chini yake kuna chuma, nionyeshe. Kama hapana kitu, sema tu, nitakutukana kama zamani na tutaendelea.

Domitila


Nachingwea, 2 Julai 2025

Domitila,

Barua hii haina mtani.

Siku ya Evodius niliendesha sinia mpaka kaburini na watu wakacheka. Ndiyo kazi yetu, mfiwa apate kupumua. Lakini yule alikuwa rafiki yangu. Tulilala chini ya lori lile kwenye mvua, tulikula sahani moja, alinibeba mgongoni nilipougua kichocho. Siku ile na mimi nilikuwa na machozi, na mtani halii msibani, akilia nani atachekesha? Nilirudi Nachingwea nimekaa juu ya magunia ya watu, nikalia njia nzima, utingo akadhani nimelewa. Ufunguo nilioupaka grisi ndio kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumlilia.

Bodaboda iliponibwaga nililala chini nikafikiri jambo moja. Nilifikiri, Domitila akifa, wataniita. Watanipa kanga yake niivae, nishike mwiko, nipike mchanga kwenye sufuria, watu wacheke. Na mimi nitakwenda, kwa sababu ni wajibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaweza. Nilijua nikiwa bado sijanyanyuliwa barabarani.

Nimechoka kuwa mtani wako. Nataka haki ya kukulilia. Na nikitangulia kufa mimi, nataka ukae ndani na wafiwa, ulie, usije ukacheza na magongo yangu nje. Na siku zilizobaki kabla ya hapo, nyingi au chache, nataka tule pamoja. Ni hayo tu ninayoyataka.

Uliposema mmecheka wote, iliniuma. Nikaandika ilikuwa utani. Huo ndio uongo niliokuambia, mwingine sina.

Ukikubali, nitatuma mshenga kwa kaka yako Ruponda, kwa utaratibu. Ukikataa, niandikie neno moja tu, na nitaelewa.

Ildefonsi


Nachingwea, 6 Julai 2025, mlangoni kwako

Ildefonsi,

Nimepiga honi mpaka mtaa mzima umetoka. Mama muuza maandazi ametoka, watoto wametoka, mbuzi wametoka, wewe tu hutoki. Nimegonga mlango kwa ngumi zote mbili. Nakusikia humo ndani unagongagonga chuma. Kwa hiyo naandika hapa juu ya boneti, na karatasi hii nitaisukuma chini ya mlango kwa fimbo mpaka ikuguse mguu.

Najua mwanamke hapeleki jibu kwa miguu yake. Mimi nimekuja kwa magurudumu sita. Na dereva ni Benedikto, kwa hiyo aibu tumegawana. Barua yako nilimpa aisome. Aliisoma, akaikunja polepole, akasema, "Mama, mimi nilidhani uko peke yako." Kisha akaenda kuongeza dizeli.

Tulipofika hapa alitaka kuliacha linanguruma, kama baba yake. Nikamwambia, zima. Limezimwa. Kwenu hapa hakuna mlima hata wa kuku kupanda, likikataa tutalala hapa hapa, na sina wasiwasi.

Mshenga mtume Ruponda, taratibu zifuatwe, watu wale, shangazi zangu wapate chao. Lakini jibu sikutaka lipande Kosta na lipite mikononi mwa Rashidy. Ndiyo, Ildefonsi. Nitakulilia, na utanililia, na hakuna atakayetuomba tuwachekeshe watu.

Sasa weka nyundo chini, ufungue mlango.

Domitila